Mwalimu Mpya Apimwe Akiwa na Chaki

Kuna wakati kijana wa Tanzania akimaliza chuo cha ualimu hakuwa na haja ya kutafuta kazi. Alirudi kwao, akasubiri orodha, akaliona jina lake, akafunga begi kwenda Kibondo au Nanyumbu. Leo anajisajili Ajira Portal na kusubiri tangazo la Sekretarieti ya Ajira. Likitoka, anakwenda kwenye usaili: karatasi ya mchujo kwanza, na akivuka, mahojiano. Mapema 2025 waombaji zaidi ya laki mbili waligombea nafasi 14,648.

Je, aliyekwisha kufaulu chuo apimwe tena? Wanaopinga wana hoja nzito. Mhitimu huyu alikwenda mazoezi ya kufundisha (BTP), akakaguliwa darasani, akatunukiwa cheti na chombo cha Serikali hiyohiyo. Aliyehitimu 2015 anakalia dawati moja na wa juzi ambaye notsi zake bado mbichi, huku ukomo wa miaka 45 ukimsogelea.

Hata hivyo siwezi kuungana nao moja kwa moja. Nchi hii imewahi kuonja uchungu wa kujaza madarasa kwa haraka. Wakati wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote (UPE), miaka ya sabini, vijana waliomaliza darasa la saba walifanywa walimu. Miaka ya 2000, shule za kata zilipochipua kila mahali, waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakapelekwa kufundisha; mitaani wakaitwa voda fasta. Wengi wao walijituma kwa moyo, na jina lile liliwaonea, lakini watoto ndio waliolipa gharama. Mchujo ubaki.

Ninachokipinga ni kipimo chenyewe. Karatasi inamtambua aliyesoma jana usiku. Haimwoni binti wa jirani yangu, mwalimu wa hisabati, anayejitolea shule ya kata kwa mwaka wa tatu sasa, akilipwa kidogo kinachotokana na michango ya wazazi. Anajua kumtuliza mtoto aliyekuja bila kula. Anajua pia kufundisha sehemu kwa vifuniko vya soda kwa sababu kitabu kimoja kinagombewa na watoto wanne. Hayo yote yana alama ngapi?

Anayevuka mchujo apewe kipindi kimoja, dakika 40, darasa halisi, mbele ya wasaili. Na miaka ya kujitolea ihesabiwe, ikithibitishwa na mkuu wa shule pamoja na afisa elimu kata. Hapo lakini pana mtego: kujitolea kukigeuzwa sharti, kutazaa vibarua wa kudumu. Kenya imeyaona hayo kwa walimu wanagenzi, waliofanya kazi kamili kwa posho, hadi Aprili 2024 mahakama ya masuala ya ajira ikasema kuwaajiri kwa namna ile hakukuwa halali. Kwa hiyo kuwe na kikomo, na posho ilipwe na halmashauri badala ya mzazi.

Kwa aliye chuoni sasa, nasema asisubiri mahafali. Majina kwenye vyeti vyote, kikiwemo cha kuzaliwa, na kwenye kitambulisho cha NIDA yalingane herufi kwa herufi. Kurekebisha tangazo likiwa limetoka ni kukimbizana na siku. Maandalio ya somo ya BTP ayatunze, pamoja na maoni ya mkaguzi, hata yale makali. Mahojiano huuliza kwa nini ulichagua mbinu fulani, na jibu zuri hutoka kwenye somo lililowahi kukushinda. Anayefundisha fizikia au hisabati ana nafuu kidogo. Wa historia na Kiswahili ajue foleni yake ni ndefu, ajifunze la ziada, mathalani lugha ya alama.

Mzigo mkubwa lakini si wake, ni wa Serikali. Kwa mtaala ulioanza 2024, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Darasa la sita na la saba watamaliza pamoja 2027, na Januari 2028 mikondo hiyo miwili itabisha hodi kidato cha kwanza kwa siku moja. Walimu wa kuwapokea wapo tayari, vyeti mkononi, wakiuza vocha na kuendesha bodaboda. Tangazo la kuwaajiri linapaswa kutoka sasa, ili watoto wale wakifika wamkute mwalimu aliyekwisha kuzoea shule yake.