Projekta ya kikundi: lipeni mwanga, siyo maneno ya kwenye boksi

Mavuno yakishauzwa, vikundi vya vijana huwa na swali moja kwangu: "Afisa, tunataka projekta ya mafunzo, tuchukue ipi?" Wazo ni zuri. Video ya kupanda kwa nafasi au kutambua wadudu inafundisha haraka kuliko mimi nikisimama mbele na chaki. Ila hela yenyewe mara nyingi imetoka kwenye mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya vijana, na marejesho hayasubiri projekta ipone. Kwa hiyo leo niseme wazi ninachokiamini: sifa nyingi zinazoandikwa kwenye boksi hazina kazi kijijini, na ile moja yenye kazi ndiyo inayodanganywa zaidi.

Sifa hiyo ni mwangaza. Unapimwa kwa lumeni, na boksi la projekta ndogo ya bei nafuu linaweza kuandikwa lumeni 9,000 bila aibu. Tafuta neno ANSI mbele ya lumeni. Maana yake mwanga umepimwa katika sehemu 9 za picha, kisha ukachukuliwa wastani. Kama neno hilo halipo, ile namba ichukulie kama bei ya kwanza ya mchuuzi wa mitumba. Projekta ya "9,000" ikipimwa vizuri inaweza kutoa lumeni 200 au 300 tu.

Tupige hesabu kidogo. Picha yenye upana wa mita 2 ina eneo la karibu mita za mraba 2.25. Lumeni 300 ukizigawa hapo unapata kama 133 kwa kila mita ya mraba. Usiku, nje, hiyo inatosha kabisa. Mchana ndani ya darasa lenye madirisha wazi, mwanga unaoingia tu unaizidi hiyo mara kadhaa, na chini ya mwembe ndiyo usiseme. Picha haipotei yote, rangi ndizo zinazoanza kupotea. Na sisi kazi yetu ni rangi! Mahindi yenye upungufu wa naitrojeni hugeuka njano kuanzia ncha ya jani kufuata mshipa wa katikati, yale ya potasiamu huungua pembezoni. Kama mkulima anaona jani jeupe tupu, atatoka hapo akanunue mbolea isiyo yake.

Ukitaka kufundisha mchana ndani ya jengo, ziba madirisha na usishuke chini ya lumeni 3,000 za ANSI. Kama vipindi vyenu ni vya jioni, baada ya kazi za shamba, 500 za kweli zinawafaa na mtaokoa hela nyingi.

La pili ni uwazi wa picha. Hapa vijana wengi wanaingizwa mjini na neno "inakubali 1080". Kukubali siyo kuonyesha. Mashine inapokea video safi, halafu inaibana iingie kwenye kioo chake chenye pikseli 800 kwa 480. Uliza pikseli zake za asili ni ngapi. 1280 kwa 720 zinatosha, 1920 kwa 1080 ni nzuri zaidi, na 4K achaneni nayo. Kipimo changu ni kiwavijeshi vamizi: weka picha yake dukani, sogea nyuma hatua sita, uone kama ile alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne ya mkiani yanasomeka. Yasiposomeka, rudisha mashine kwenye boksi.

Sasa umeme. Wenye gridi ya uhakika rukeni aya hii. Betri ya volti 12, saa-ampea 100, ina kama wati-saa 1,200, lakini ile ya asidi haifai kuitumia zaidi ya nusu, na inveta nayo inakula chake. Mnabaki na kama 500. Projekta ya balbu ya wati 300 pamoja na spika ya wati 30 itawapa saa moja na nusu. Ya LED ya wati 100 na spika hiyo hiyo inakaribia saa nne. Isitoshe, ya balbu haitaki kuzimika ghafla, feni inatakiwa iendelee kupoza kwanza. Jenereta ikiishiwa mafuta katikati ya kipindi, balbu ndiyo inayoumia.

Muuzaji atawaambia pia taa ya LED inadumu saa 30,000. Sawa. Kikundi kinachoonyesha mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara, kinatumia saa 208 kwa mwaka. Hizo ni miaka 144! Hata balbu ya saa 4,000 ingewafikisha miaka 19. Huku kwetu mashine inauawa na vumbi kwenye feni na lenzi, kwa hiyo ulizeni kama ina chujio linalofunguka na kusafishwa.

Android ndani, sauti ya ndani, kuunganisha simu bila waya: mimi silipii. Ninacholipia ni tundu la flashi linalosoma MP4, tundu la HDMI na tundu la spika ya nje. Access Agriculture wana video za wakulima, nyingine kwa Kiswahili, unazipakua bure mjini ukiwa na bando, unaweka kwenye flashi, basi. Jaribuni flashi hiyo hiyo kabla ya kulipa.

Mkipata ya mtumba iliyotoka ofisini, siikatai, mara nyingi ina mwanga kuliko mpya ya bei hiyo. Fungua menyu uone balbu imetumika saa ngapi, onyesha ukurasa mweupe mtupu utafute madoa, na hakikisha balbu ya modeli hiyo bado inauzwa.

Na kikundi cha watu 15? Hapo nabishana na wengi, lakini nasema nunueni runinga ya inchi 43. Inaonekana mchana, umeme wake ni kidogo kuliko projekta ya balbu, na fundi wake yupo kila mji mdogo. Projekta ianze kuzungumzwa mkifika watu 40, na mkiwa tayari kukutana usiku.