Kijiji kilichojifungia ili jirani apone

Mwaka 1665, vitambaa kutoka London vilifika kwa mshona nguo wa Eyam, kijiji cha milimani huko Derbyshire, Uingereza. Inasimuliwa kuwa vilikuwa na viroboto wa tauni. Siku chache baadaye msaidizi wake, George Viccars, alifariki.

Juni 1666, wachungaji William Mompesson na Thomas Stanley waliwaomba wanakijiji wasitoke, wasije wakaambukiza majirani. Wakakubali. Chakula kiliachwa mpakani, na sarafu za malipo zikatumbukizwa ndani ya siki kwenye matundu ya jiwe. Ibada ikahamia bondeni, familia zikakaa mbalimbali.

Agosti hiyo, Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita ndani ya siku nane. Mompesson naye alifiwa na mkewe, Catherine. Walikufa watu wapatao 260, lakini tauni haikuenea vijiji vya jirani.

Makaburi ya akina Hancock yangali shambani, yamezungushiwa ukuta wa mawe. Mzazi, mwanao akiuliza kwa nini akiugua asiende kucheza na wenzake, msimulie habari za Eyam.