Wademobilize wa uongo: nani anashika kitabu?



Mwaka jana mtu mmoja aliniita pembeni, karibu na kioski cha kartie yetu. Alikuwa na kitabu cha mistari, sawa kile cha likelemba, na kalamu mbili mfukoni. Akaniambia: «Mudogo yangu, weye uko na diplome na kazi hauna. Leta dola 20 nikuandike. Programu ikifika, utatoka demobilize.» Nikacheka. Nikamwambia: «Yaya, mimi sijashika bunduki hata siku moja.» Akajibu bila haya: «Haina shida. Mwenye kusoma hatumuandike mupiganaji. Tunakuandika S2, mutu wa kutafuta habari. Ule hawamuulize kufungua kalash.»

Nisidanganye mtu: sikukataa palepale. Nilirudi nyumbani nikalala na ile hesabu kichwani. Miaka mitano ya chuo, mama anauza sokoni ili nilipe, halafu barua za kazi nimepeleka kila ofisi ya muji huu mpaka walinzi wananijua kwa jina. Dola 20 sikuwa nazo. Labda ni umaskini ulioniokoa kuliko dhamiri. Kwa hiyo leo siandiki juu ya kijana mwenye njaa aliyekubali. Naandika juu ya mwenye kitabu.

Mambo haya hayakuanza jana. Kati ya Septemba 2004 na Juni 2005, watu zaidi ya 15,000 walipita katika kambi za kupokonya silaha hapa Ituri. Silaha zilizokusanywa hazikufika nusu ya hesabu hiyo. Baadaye ikaja CONADER, na kwa mtu mzima aliyeacha jeshi au kundi ilikuwa dola 110 za kuondokea, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mzima. Katika muji uliotoka kuungua, pesa hiyo ilitosha kumfanya mtu aseme alipigana vita ambavyo alivikimbia.

Lakini tuwe waangalifu na hesabu ile ya silaha. Wengi wanasema: asiye na bunduki ni wa uongo. Si kweli. Mtoto aliyebeba maji na risasi hakuwa na bunduki yake. Msichana aliyepika, na ambaye komanda alimfanya mke kwa nguvu, hakuwa nayo. Kanuni za Paris za 2007 zinawahesabu wote hao kuwa watoto waliotumikishwa na makundi. Sasa ukifanya bunduki kuwa kipimo, msichana yule anabaki nje, na mjanja mwenye kununua kalash ya zamani anaingia. Kumbe kipimo hicho kinamsaidia mdanganyifu mwenyewe.

Kesi ya Thomas Lubanga ndiyo inatuhusu zaidi, na vijana wengi wa leo walikuwa wadogo wakati ule. Tarehe 28 Januari 2009, kule La Haye, shahidi wa kwanza wa mwendesha mashtaka aliketi mbele ya majaji wa CPI akasema alichukuliwa na askari wa UPC akitoka shuleni. Siku ileile akageuka: akasema maneno yale alifundishwa na watu wa shirika fulani. Majuma mawili baadaye akarudi na hadithi yake ya kwanza. Na hakuwa peke yake. Katika hukumu ya tarehe 14 Machi 2012, majaji waliandika kwamba kazi ya watu wa kati watatu, waliotumwa kutafuta mashahidi huku kwetu bila kusimamiwa vizuri, ilifanya ushahidi wa vijana kadhaa usiweze kutegemewa. Kwa vijana wawili, waliona upo uwezekano wa kweli kwamba walivaa majina ya watu wengine, wakitumaini faida. Haki yao ya kushiriki kama wahanga ikaondolewa.

Lubanga alihukumiwa hata hivyo, miaka 14. Kati ya vitu vilivyomshinda ni picha za video za tarehe 12 Februari 2003, akiwatembelea waajiriwa wa kambi ya Rwampara, hapa karibu tu. Watoto walionekana. Hakuna aliyehitaji kuwafundisha la kusema.

Swali letu ni hili: wale watoto wa kweli wako wapi? Leo wana miaka thelathini na zaidi. Wengine wanaendesha moto, wengine wanabeba mizigo. Jaribu kuwauliza. Kadogo wa kweli akisema «nilikuwa Mandro», jirani anacheka: «Ah, weye pia ulikuwa kwenye listi!» Mwizi wa jina alikula musaada mara moja, lakini mwenye jina anaendelea kuitwa mwongo mpaka leo. Na wasichana wengi walishanyamaza zamani.

Sasa tuko na P-DDRCS, iliyoundwa Julai 2021. Inasema demobilize arudishwe katika jamii, na jamii nzima inufaike, si kumgawia kila mtu bahasha na kwaheri. Hilo tunalikubali. Lakini kitabu kingali kinatembea kartieni. Na hasara yake haiishii kwenye pesa. Kundi likileta majina 300, na 100 kati yao ni wanafunzi wa mjini, basi kwenye karatasi tumepokonya silaha watu 300, huku Djugu na Irumu wapiganaji 100 wamebaki porini na bunduki zao. Wanaolala Kigonze chini ya hema wataambiwa warudi kijijini juu ya karatasi hiyo.

Kwa hiyo tunaomba serikali itangaze kwenye Okapi na Candip, kwa Kiswahili, kwamba kuandikwa hakuna bei, na anayeomba hata franga moja ashtakiwe. Majina ya wanaume watu wazima yapelekwe mbele ya watu wa kijiji walikopigania, kabla ya mtu kupewa chochote. Kijiji kinajua nani alikichoma. Ya wasichana na watoto, hapana, yasibandikwe ukutani hata kidogo: wasikilizwe pembeni, na wamama wanaoaminika. Na kama lazima mtu afungwe, musianze na kijana aliyeuza simu apate dola 20.

Kama uliitwa pembeni, tuandikie. Jina lako halitatoka. Mwenye kitabu wa kartie yetu nilimwona tena Jumanne. Ameanza kitabu cha pili.