Jibu la mtoto lisipotelee kwenye kundi la WhatsApp

“Damu yake ni 4, nimeshamtumia daktari kwenye kundi,” muuguzi aliniambia huku akinionyesha simu yake. Ilikuwa saa nne asubuhi. Binti yangu wa miaka mitatu alikuwa amelala mapajani mwangu, viganja vimempauka, anahema harakaharaka. Nilimshukuru sista, nikakaa kusubiri.

Ilipofika saa saba nilirudi kuuliza. “Baba Neema, naona daktari bado hajafungua,” alisema, akashtuka mwenyewe. Hapohapo akapiga simu. Daktari alifika kabla hata sijarudi kwenye benchi. Ujumbe wa mwanangu ulikuwa umefunikwa na ratiba ya zamu, mchango wa harusi na salamu za Ijumaa Kareem. Mtoto aliongezewa damu mchana ule, na leo yuko chekechea.

Simlaumu muuguzi wala daktari. Muuguzi alitumia njia aliyokuwa nayo, na daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Ila saa tatu ni nyingi kwa mtoto mwenye damu 4.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kazi yangu ndiyo hiyo. Mimi ni mtu wa kompyuta, nafunga mifumo ya mawasiliano ya wafanyakazi maofisini, zikiwamo hospitali. Kila nikiitwa kwenye kikao, swali la kwanza huwa ni lilelile: tununue programu ya kampuni gani?

Ushindani huo naufahamu vizuri. Slack ilitoka mwaka 2013 ikiahidi kuwapunguzia watu barua pepe. Mwaka 2016 Microsoft ilipotangaza kuja na Teams, Slack ilinunua ukurasa mzima wa gazeti la New York Times kumjibu mpinzani wake. Mwaka 2020 ikapeleka malalamiko Tume ya Ulaya, ikidai Microsoft inawabebesha wateja Teams ndani ya kifurushi cha Office. Mwaka 2021 Slack yenyewe ikanunuliwa na Salesforce kwa zaidi ya Dola bilioni 27 za Marekani. Skype, ambayo wengi tulianza nayo, ilifungwa Mei 2025.

Wakati vigogo hao wanavutana, kwenye wodi zetu nyingi mshindi alishapatikana, tena bila zabuni wala mafunzo. Ni WhatsApp. Muuguzi anayo tayari kwenye simu yake, inafanya kazi kwa bando dogo, na kila mtu anajua kuitumia. Hizo programu nyingine zilibuniwa kwa ajili ya mtu aliyekaa mezani mbele ya kompyuta. Muuguzi mwenye glavu mkononi na wagonjwa thelathini hana meza. Nimewahi kufunga mfumo mzuri wa gharama kubwa mahali fulani. Miezi michache baadaye niliporudi, nenosiri zilikuwa zimesahaulika na kazi inaendelea kwenye kundi.

Wapo wanaosema dawa yake ni kupiga marufuku WhatsApp hospitalini. Sikubaliani nao. Tabibu aliye kwenye kituo cha afya kijijini anaweza kumtumia bingwa picha ya eksirei na kupata ushauri dakika hiyohiyo. Kumnyang’anya njia hiyo bila kumpa nyingine ni kumwadhibu mgonjwa. Isitoshe, marufuku ya namna hiyo haishiki. Watu wataendelea kimyakimya, na hapo hata kuwasimamia hutaweza.

Tusidhani pia kwamba hili ni tatizo la nchi maskini. Huduma ya afya ya Uingereza iliwapa wafanyakazi wake Teams mwaka 2020, corona ilipopamba moto. Hata hivyo, kule Lanarkshire, Scotland, wafanyakazi 26 waliendelea kutumia kundi la WhatsApp kwa miaka miwili, kati ya 2020 na 2022. Taarifa za wagonjwa ziliingizwa humo zaidi ya mara 500, yakiwamo majina, namba za simu na anwani. Mtu asiye mfanyakazi aliingizwa kwenye kundi kwa makosa, akaziona. Mwaka 2023 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza iliikemea rasmi taasisi hiyo. Programu rasmi ilikuwapo, lakini haikuzuia lolote.

Utaambiwa kwamba ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa siri na hakuna anayeusoma njiani. Ni kweli, toka simu hadi simu. Lakini ukishafika, picha ya kidonda cha mwanao inaweza kujihifadhi yenyewe kwenye albamu ya simu, pamoja na picha za sikukuu. Simu hiyo ikipotea, ikiuzwa, au ikichezewa na mtoto wa nyumbani, siri imekwisha. Daktari aliyehama mwaka juzi naye huenda bado yumo kundini.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: viongozi wa hospitali waache kwanza kubishania jina la kampuni, waweke taratibu. Jibu la hatari, kama damu iliyoshuka sana, lisiachwe kwenye ujumbe. Lipigiwe simu, anayelipokea alirudie kwa sauti, kisha jina lake na saa viandikwe kwenye faili. Huo ni utaratibu unaojulikana maabara, na hauhitaji programu yoyote. Pili, kundi la kazi liwe la kazi tu, na awepo mtu wa kumwondoa aliyehama. Tatu, picha isiwe na jina wala sura ya mgonjwa pasipo sababu ya kitabibu. Nne, wodi ipewe simu yake, tusimlazimishe muuguzi kubeba siri za wagonjwa kwenye simu anayokwenda nayo nyumbani. Hayo yakishika mizizi, programu yoyote itafaa. Yasiposhika, hata ile ghali kuliko zote itakuwa pambo.

Nawe mzazi mwenzangu, una nafasi yako. Ukiambiwa jibu limetumwa, uliza kwa upole: “Sista, nani amelipokea, na saa ngapi?” Kama hakuna jina la mtu, hilo jibu bado halijafika. Na mtoto akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu au akilegea kupita kawaida, usisubiri jibu wala foleni. Simama useme.

Mhudumu akitaka kumpiga mwanao picha, una haki ya kuuliza inakwenda wapi na ya kazi gani. Kuuliza si ujeuri. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Tuanze pia na sisi wenyewe. Ni mara ngapi tumeweka picha ya mtoto mwenye upele, akiwa nusu uchi, kwenye kundi la wazazi wa shule au la ukoo, kisha tukapokea majina ya dawa sita kutoka kwa watu sita? Picha hiyo huwezi kuirudisha, na dozi ya mtoto haipangwi kwa kura. Vilevile, ukimtumia daktari unayemfahamu ujumbe usiku wa manane, usikae ukitazama kama ameusoma. Naye analala. Kama hali ni mbaya, mpeleke mtoto kituoni.

Wiki ile mwanangu alipolazwa niliona kitu kidogo ukutani, karibu na meza ya wauguzi. Palikuwa na karatasi iliyochorwa mistari kwa kalamu, yenye nafasi ya jina la mgonjwa, jibu, aliyepigiwa na saa. Yule sista ndiye aliyeibandika, siku moja baada ya mkasa wetu. Hakuniomba ushauri wangu wa kompyuta, na nilipoisoma sikuona cha kuongeza.