Noti moja ya Chopin

Anayetafuta Chopin halisi hawezi kutosheka na kitabu kimoja. Preludi zake 24 za Opus 28 zilichapishwa mwaka 1839 na kampuni tatu: Catelin wa Paris, Breitkopf & Härtel wa Leipzig na Wessel wa London. Muswada wa mkono wake ulitumika Paris. Leipzig ilipelekewa nakala iliyoandikwa na rafiki yake, Julian Fontana. Ndiyo maana matoleo hayo, ingawa ni ya mwaka mmoja, yanapishana.

Mfano mzuri ni preludi namba 20, ya C maina.

Katika muswada, ambao leo umehifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Poland, Warsaw, noti ya E mwishoni mwa kipimo cha tatu haikuwekewa alama ya kuishusha nusu toni. Lakini kwenye kitabu cha mwanafunzi wake, Jane Stirling, alama hiyo imeongezwa kwa penseli. Akodi iliyong'aa inageuka ya huzuni.

Kwa hiyo muswada pekee hautoshi, kwa sababu Chopin aliendelea kusahihisha akiwa darasani. Walimu wa piano wawaoneshe wanafunzi vyanzo vyote viwili kabla ya kuwachagulia noti.