Dawa ya kuogeshea ng'ombe si dawa ya paka

Wananchi wanaorejea makwao baada ya miaka ya ukimbizini hukuta mengi ya kuanza upya: shamba, paa, choo na ghala. Wengine hupokewa pia na viroboto. Hilo si jambo la ajabu. Kiroboto huweza kukaa ndani ya kifukofuko chake kwa miezi kadhaa nyumba ikiwa imefungwa, akisubiri joto na mtikisiko wa hatua. Siku mlango unapofunguliwa, hutoka kutafuta damu.

Nyumba yenye mahindi na maharage inahitaji paka, kwani paka akiondoka, panya hutawala. Paka hutafutwa, na haupiti muda naye anajikuna usiku kucha. Hapo ndipo kosa hutendeka. Mwenye paka huenda sokoni, hununua dawa ya kupe wa ng'ombe au ya viroboto wa mbwa, kisha humpaka paka mgongoni. Baada ya saa chache paka hutokwa na mate, hutetemeka na kupatwa na degedege. Wengine hufa.

Sababu inajulikana. Nyingi ya dawa hizo zina permethrini, saipamethrini au deltamethrini. Ini la mbwa na la ng'ombe huzivunja kemikali hizo upesi, lakini ini la paka haliwezi. Isitoshe, paka hujilamba mwili mzima, hivyo kilichopakwa ngozini huishia tumboni. Amitrazi nayo haimfai paka. Wala mafuta ya taa si dawa: humuunguza ngozi na kumdhuru anapojilamba.

Hatari huongezeka katika masoko ya mipakani pale dawa inapomiminwa kutoka kwenye chombo kikubwa na kuuzwa katika chupa za soda zisizo na kibandiko. Mnunuzi hajui jina, kipimo wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Mtoto naye anaweza kuinywa akidhani ni kinywaji. Tunawaomba wafanyabiashara waache mtindo huo. Faida ya chupa moja haistahili lawama ya mteja aliyepoteza paka, sembuse mtoto.

Kwa mnunuzi, ushauri wetu ni mwepesi. Soma kibandiko kabla ya kulipa. Ukiona jina linaloishia na "methrin", au "méthrine" kwa Kifaransa, usimpake paka. Chagua dawa iliyoandikwa wazi kuwa ni ya paka, kama zile za fipronili au selamektini, inayolingana na uzito wake. Mtie nyuma ya shingo, mahali ulimi wake hausiki. Usikate dozi ya mbwa ukidhani nusu yake itafaa. Kwa kitoto cha paka ambacho hakijafikisha wiki nane, tumia chanuo lenye meno membamba, maji ya vuguvugu na sabuni.

Hata hivyo, dawa peke yake haitoshi. Mayai ya kiroboto huanguka sakafuni na kwenye matandiko, na huko ndiko kizazi kipya hukulia. Fagia kila siku, anika mikeka juani na fua matandiko kwa maji ya moto.

Ikiwa kosa limekwisha kutendeka, mwoshe paka mara moja kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, mfunike apate joto, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na chupa ya dawa. Usimnyweshe maziwa wala mafuta.

Maofisa mifugo wa pande zote za mpaka nao wana wajibu. Watembelee maduka ya dawa za mifugo siku za soko na kuwaeleza wauzaji swali moja la kumuuliza kila mteja: dawa hii ni ya mnyama gani? Swali hilo halina gharama, na litaokoa walinzi wengi wa maghala yetu.