Popo wa Pemba na Wageni Wake

Mzee wa Pemba aliyezoea kitoweo cha popo, akiambiwa kwamba leo watu hulipa fedha ili kumtazama tu, huenda akacheka. Lakini ndivyo mambo yalivyogeuka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mnyama huyu, asiyepatikana kwingineko duniani, alikaribia kutoweka kwa kuwindwa na kwa kukatwa misitu. Kilichomwokoa si sheria peke yake, ingawa Msitu wa Ngezi ulitengwa kuwa hifadhi tangu mwaka 1959. Ni wanakijiji pia, kama wale wa Kidike, waliokubali kumlinda na kupokea wageni.

Hapo ndipo penye hatari mpya. Popo hulala mchana, akining'inia mtini. Jike huzaa mtoto mmoja tu, naye humbeba kifuani. Mgeni apigaye makofi ili kundi liruke apate picha humlazimisha mama huyo kuruka na mzigo wake juani. Makofi hayaui kama risasi. Lakini yakizidi, kundi huweza kuhama, na kijiji kikabakiwa na miti mitupu. Kwa maoni yangu, wanakijiji wenyewe yafaa wapange umbali wa kusimama na idadi ya watu, wala mwongozaji asiogope kumkataza mgeni eti kwa kuwa amelipa.

Walimu nao wawapeleke wanafunzi magharibi, popo waondokapo kutafuta matunda na kutawanya mbegu. Wahesabu kwa dakika kumi, waandike tarehe, na mwezi ujao wahesabu tena.